Kila usiku napanga, kila asubuhi naahirisha. Je, mimi ni mvivu?

Swali: Shikamoo, mtaalamu. Nina miaka 36, nimeajiriwa, na kazi yangu kubwa ni kuandika ripoti. Pamoja na kazi nasoma shahada ya uzamili. Masomo ya darasani nilishamaliza, imebaki tasnifu. Nimekwama kwenye sura ya pili, zimebaki kurasa 80 hivi, na huu ni mwezi wa nane haijasogea. Kila usiku kabla ya kulala napanga ratiba ya kesho saa kwa saa, naipaka hadi rangi. Ikifika saa 4 asubuhi imeshavurugika. Ripoti za ofisini nazimaliza usiku wa mwisho, macho mekundu. Tasnifu haina usiku wa mwisho, kwa hiyo imelala tu. Nimepakua programu tatu za simu za kupanga kazi. Zote zinanikumbusha, zote nazizima. Msimamizi wangu aliniandikia barua pepe wiki tano zilizopita, bado sijamjibu. Mume wangu ananitania kwamba mimi ni mvivu tu, na siku hizi nauona utani huo una ukweli. Nifanyeje niwe mtu wa nidhamu?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Tuanze na la mumeo tulimalize, maana halihitaji muda mrefu. Mvivu hapaki ratiba rangi. Mvivu hana usiku wa macho mekundu. Kazi ikimchosha huiacha, akalala fofofo, na moyo wake haumdai kitu. Wewe kazi unaitaka, faida yake unaijua, hasara ya kuchelewa unaijua, na bado mkono hauendi. Mwaka 2007 Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichambua kwa pamoja tafiti nyingi za tabia hii, na maana aliyoishika ndiyo hiyo hasa: kuchelewesha kwa hiari yako jambo ulilokusudia kulifanya, huku ukijua kuwa kuchelewa kutakuumiza. Hilo ni gonjwa jingine, na dawa ya uvivu hailitibu. Mvivu ukimsukuma anaweza kuinuka. Anayeahirisha ukimsukuma anazidi kujificha.

Katika barua yako yote, sentensi iliyonishika si ile ya ratiba wala ya programu. Ni ile ya barua pepe ya msimamizi. Umeitaja kama mtu anayepita njia, katikati ya mambo mengine, na ukaendelea na safari. Iweke pembeni kidogo, nitairudia.

Kwanza tuiangalie asubuhi yako kwa karibu. Tuseme ni Jumamosi, siku uliyoitengea tasnifu. Saa 3 umeketi, kompyuta imewaka, unabonyeza faili. Linafunguka palepale ulipoliacha, kwenye sentensi iliyokatika katikati. Unaisoma. Kitu kinajikunja tumboni, kidogo tu, hata jina huna la kukiita. Ndani ya sekunde kumi unakumbuka kuwa kabati la nguo halijapangwa tangu mwezi uliopita. Kabati! Wiki zote hizo hukuliona, leo limekuwa jambo la dharura. Unainuka, unakunja nguo, na kweli kabisa unajisikia vizuri. Saa 5 kabati linapendeza, faili bado liko wazi, na sasa unaogopa hata kukipita kile chumba.

Hapo hukuamua kuahirisha tasnifu. Uliamua kupata nafuu. Kile kilichojikunja tumboni ndicho ulichokikimbia, na kabati lilikuwa mlango uliokuwa karibu. Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, ambao wameishughulikia tabia hii kwa miaka mingi, waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha ni namna ya kutuliza hisia za sasa hivi na bili ukapelekewa wewe wa baadaye. Ubaya ni kwamba inafanya kazi. Dianne Tice na Roy Baumeister walilionyesha hilo mwaka 1997 walipowafuatilia wanafunzi wa chuo: mwanzoni mwa muhula waahirishaji walikuwa na msongo mdogo na waliugua kidogo kuliko wenzao. Mwishoni mwa muhula mizani ikageuka, msongo na maradhi yakawazidi, na alama zao zikawa za chini. Mwili wako unaikumbuka ile nafuu ya mwanzo kwa sababu hutangulia kufika. Maumivu huja baadaye, na kwa sababu yamechelewa, mwili hauyaunganishi na kabati.

Nami niseme la pembeni: lugha yetu imetuwekea mawakili wa pande zote mbili. Ukitaka kuahirisha utaambiwa haraka haraka haina baraka, na subira yavuta heri. Ukishachelewa, yuleyule aliyekuliwaza atakukumbusha kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Usiende kwa methali kutafuta hukumu. Kila mtu huchukua ile inayomfaa saa hiyo.

Sasa hiyo ratiba. Nadhani umekwishaanza kuona kwa nini inavunjika. Ratiba inasema "saa 3 hadi saa 6, tasnifu", lakini haina neno lolote la kukuambia ufanye nini tumbo likijikunja saa 3 na dakika moja. Zaidi ya hapo, kuipanga ni sehemu ya ugonjwa. Usiku, kalamu za rangi mkononi, unaonja utamu wa kazi iliyokamilika bila kuigusa kazi yenyewe. Anayepanga ni wewe wa leo, atakayetoka jasho ni wewe wa kesho, na mtu hana huruma anapomtwisha mwingine mzigo.

Ndiyo maana ratiba hizo pia hujaa kupita kiasi. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao watazimaliza kwa siku ngapi. Kwa wastani walijibu siku 34. Walizimaliza kwa siku 55. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba waliulizwa pia wakadirie kama kila kitu kingeenda mrama, na hata makadirio hayo ya mkosi mtupu yalikuwa siku 49 hivi. Mtu akikisia muda wa kazi yake mwenyewe huiona njia imenyooka, hana habari ya mashimo. Kwa hiyo ukijipangia saa tatu za kuandika kwa mfululizo, ukaandika dakika 40, hukushindwa. Ulikisia vibaya, kama wengine wote.

Ushauri wangu: kwa mwezi mmoja acha kupanga siku. Panga mwanzo tu.

Namaanisha hivi. "Kuandika sura ya pili" si kazi, ni jina la mlima. Huwezi kukaa kitini ukaandika sura ya pili. Unaweza kufungua faili, ukasoma aya ya mwisho, ukaandika sentensi tatu mbovu chini yake. Hiyo ndiyo kazi ya siku. Ukizidisha, heri, usipozidisha, umemaliza na huna deni. Najua inaonekana kama mchezo wa watoto kwa mtu aliyebakiza kurasa 80. Lakini ule mkunjo wa tumbo hupimwa kwa ukubwa wa kitu unachokiona mbele yako, na sentensi tatu hazimtishi mtu. Mwanzo wa ngoma ni lele. Ukishaketi na kuandika ya kwanza, mara nyingi utashangaa kwamba kazi yenyewe haikuwa chungu kama lango lake. Si kila siku. Siku nyingine sentensi zitakuwa tatu kweli, na zote za kufuta kesho.

Neno "mbovu" nimeliweka makusudi. Mimi nilipokuwa naandika tasnifu yangu, miaka mingi iliyopita, nilikaa wiki sita kwenye aya ya kwanza ya utangulizi. Niliibadilisha hadi nikaanza kuichukia. Kilichoninasua ni kijimaandishi nilichokiweka juu ya faili kwa herufi kubwa: HII NI TAKATAKA, ITASAFISHWA. Basi. Nilipojipa ruhusa ya kuandika takataka, nikaandika. Ile aya ya wiki sita haikuingia hata kwenye toleo la mwisho.

Jambo la pili ni kuufunga mwanzo huo kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, si kwenye saa peke yake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ametumia sehemu kubwa ya kazi yake kuchunguza mipango ya namna hii, inayosema "ikitokea kadha, nitafanya kadha". Katika jaribio moja, yeye na Veronika Brandstätter waliwapa wanafunzi kazi ndogo ya kuandika wakati wa likizo ya Krismasi, ikamilike ndani ya saa 48. Waliokuwa wameandika mapema wataketi wapi na lini, takriban robo tatu yao waliifanya. Waliobaki na nia njema peke yake, takriban theluthi moja tu. Kazi ni ileile na hamu ni ileile. Tofauti ni kwamba wa kwanza hawakulazimika kuamua tena siku ilipofika.

Na hapo pa kuamua tena ndipo unapoanguka. Kwa hiyo andika kwenye karatasi, si kwenye simu: "Nikishakaa kwenye kiti changu cha dirishani na kuweka kikombe mezani, nitafungua faili na kusoma aya ya mwisho." Halafu ongeza ya pili, ambayo watu wengi huisahau ilhali ndiyo muhimu kuliko ya kwanza: "Tumbo likijikunja nikataka kuinuka, nitaandika sentensi moja kabla ya kuinuka." Hukatazwi kuinuka. Unalipa ushuru wa sentensi moja mlangoni. Nimeona watu wengi wakilipa ushuru huo kisha wakasahau walikuwa wakienda wapi.

Saa gani? Hapo sina ushabiki. Wapo wanaohubiri alfajiri kana kwamba ni dini. Kama akili yako hufunguka usiku nyumba ikishatulia, na iwe usiku. Muhimu ni kiti kilekile na kitangulizi kilekile, ili ifike siku ambapo kikombe chenyewe ndicho kinachokukumbusha.

Maana umeuliza nidhamu, na najua unafikiria aina fulani ya mtu mwenye moyo wa chuma. Mfano wanaopenda kuutoa ni wa Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19, aliyefanya kazi Posta kwa zaidi ya miaka 30 na bado akaacha riwaya 47. Alianza kazi saa 11:30 alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake mezani, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa, na kwa saa tatu alikuwa amemaliza uandishi wa siku nzima. Wasimulizi huishia hapo. Lakini mwenyewe alieleza mambo mawili ambayo kwangu ni makubwa kuliko hayo. La kwanza, alikuwa na mtumishi mzee aliyemlipa pauni 5 za ziada kwa mwaka kwa kazi ya kumwamsha na kumletea kahawa, na alikiri kwamba huenda mzee huyo ndiye anayestahili shukrani kuliko mtu mwingine yeyote kwa mafanikio yake. La pili, nusu saa ya mwanzo hakuandika. Alisoma alichokiandika jana.

Hebu litazame hilo vizuri. Mtu wa chuma alimlipa mtu mwingine ili asilazimike kutumia chuma chake. Na hakuingia kazini kwa kishindo. Aliingia kwa mlango wa jana. Wewe nawe unaweza kujiachia mlango huo: ukimaliza kwa siku, andika mstari mmoja chini ya faili unaosema kesho unaanzia wapi. "Kesho: eleza kwa nini nilichagua wahojiwa hawa." Ukifungua hutakutana na sentensi iliyokatika na kukukodolea macho. Utakutana na maagizo.

Kuhusu simu sina mengi. Iache chumba kingine, si kuigeuza kifudifudi mezani. Zile programu tatu zifute zote. Kengele unayoizima kila siku inakufundisha kuzima kengele.

Utaniuliza hii itachukua muda gani hadi iwe mazoea. Pengine umesikia siku 21. Hesabu hiyo iondoe kichwani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijijengea tabia moja ndogo ya kila siku. Muda wa kati hadi tabia kufanyika yenyewe ulikadiriwa kuwa siku 66, lakini makadirio ya mtu mmoja mmoja yalianzia siku 18 hadi siku 254. Kwa hiyo ukifika mwezi wa pili bado unajikokota, hujaharibikiwa. Na waligundua jambo jingine ambalo wewe hasa unalihitaji: kuruka siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa namna ya maana. Kinachoharibu ni yale tunayojiambia baada ya siku hiyo.

Wewe, kwa jinsi ulivyoandika, ni hodari wa kujisomea mashtaka. Nakuomba upunguze, na siombi kwa upole tu. Mwaka 2010 Michael Wohl, Pychyl na Shannon Bennett waliwachunguza wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani. Miongoni mwa waliochelewa kusoma mtihani wa kwanza, wale waliojisamehe walipunguza kuchelewa kwa mtihani wa pili kuliko wale walioendelea kujilaumu. Ukikumbuka kile kilichojikunja tumboni, hili halishangazi. Lawama zinaongeza uzito wa mkunjo, na mkunjo ukiongezeka unakimbia mbali zaidi. Ile "mimi ni mvivu" unayojiambia usiku ndiyo inayokungoja asubuhi kwenye kiti.

Ripoti za ofisini zina nafuu yake. Zinatoka kwa sababu kuna mtu anazingoja na kuna tarehe. Si njia nzuri ya kuishi, na usingizi unaoukopa unaulipa kesho yake kwa riba, lakini inatuonyesha kwamba injini yako ni nzima. Kwa ripoti fanya kitu kimoja: siku unapopewa kazi, palepale, fungua faili lake, weka kichwa cha habari na vichwa vidogo, ufunge. Dakika kumi. Usiku wa mwisho hautakukuta na ukurasa mtupu, na ninavyoona mimi, ripoti iliyokwisha kuzaliwa mara nyingi haingoji usiku wa mwisho.

Kabla ya kumalizia, jipime kwa uaminifu. Kama miezi hii umepoteza hamu hata ya vitu ulivyovipenda, unalala sana au hulali, unajiona huna thamani, hapo huenda si kuahirisha bali ni sonona, na sentensi tatu kwa siku haziitibu. Vilevile kama tangu utotoni kila kitu, hata unachokipenda, kilikushinda kukimaliza, ukapoteza vitu, ukasahau miadi, umakini ukakuruka kila mahali, huenda ni tatizo la umakini ambalo lina uchunguzi na matibabu yake. Yote mawili yanahitaji daktari au mtaalamu wa afya ya akili akuone ana kwa ana. Barua yako hainionyeshi hivyo, lakini barua ni fupi.

Sasa ile barua pepe. Nionavyo mimi, tasnifu yako haikukwama kwa sababu ya sura ya pili peke yake. Kila ukifungua faili unafungua na deni la mtu ambaye hukumjibu. Wiki ya kwanza lilikuwa jibu la mistari miwili. Wiki ya tatu likawa linahitaji maelezo. Leo, wiki ya tano, unahisi huwezi kujibu mpaka uwe na sura nzima ya kumtuliza nayo, na sura haiandikiki kwa sababu hujajibu. Kamba imejifunga yenyewe. Tena umesema tasnifu haina usiku wa mwisho. Mtu pekee anayeweza kukupa huo usiku ndiye unayemkimbia. Kwa hiyo usianze na kiti cha dirishani. Anza na huyu, leo, na andika kama hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wa wiki tano. Nilikwama kwenye sura ya pili, nikaona haya kukuandikia mikono mitupu. Jumatano ijayo jioni nitakutumia kurasa tatu ambazo bado ni mbichi. Naomba unisomee hivyohivyo zilivyo, na unipangie tarehe ya kurasa nyingine."

Isome mara moja, itume, usiongeze maelezo ya familia wala ya kazi. Wasimamizi wameziona barua za namna hii nyingi kuliko unavyodhani. Na akijibu, usilifungue jibu lake usiku kitandani kwenye simu. Lifungue umeketi kwenye kile kiti, faili likiwa wazi mbele yako.